Orodha ya ndege wa Upemba ibaki Kamina pia

Familia ikifika Kamina ikikimbia vita, inaulizwa maswali mengi. Jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, mmetoka kijiji gani, mnalala wapi, mnahitaji nini. Maswali hayo ni ya lazima, kwa sababu asiyeandikwa hapati turubai, hapati unga wala dawa. Kuna swali moja tu ambalo hakuna karani anayeliuliza: huko mlikotoka kulikuwa na ndege gani?

Wengi watacheka. Mtu amepoteza nyumba na shamba, pengine amezika mtoto njiani, halafu aulizwe habari za ndege? Cheko hilo linaeleweka. Hata hivyo swali lina maana, jibu lake linastahili kuandikwa kwenye daftari, na daftari hilo linastahili kubaki hapa Haut-Lomami.

Mfano wa kwanza ni ndege mdogo sana, anayeweza kujificha ndani ya ngumi ya mtoto. Ni wa jamii ya wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu ambao watoto wanawanasa kwa ulimbo wakati mbegu za majani zimekomaa. Yule wa kawaida, anayeonekana sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, ana mstari mwekundu unaopita kwenye jicho. Huyu mwingine mstari wake ni mweusi. Mwaka 1928 Mmarekani James Chapin, mtaalamu wa ndege wa Congo, alimwandika kwa jina la Kilatini Estrilda nigriloris, yaani mwenye weusi kati ya jicho na mdomo. Makao yake yanayojulikana ni nyanda za majani marefu kando ya mto Lualaba na ziwa Upemba. Kwingine kokote duniani hajulikani. Ni ndege wa kwetu kabisa, wa njia ya Bukama na Malemba-Nkulu.

Baada ya mwaka 1950 miongo mingi ilipita bila mtaalamu yeyote kuandika kwamba amemwona. Vitabu vya nje vikaanza kuuliza kama bado yupo, au kama kweli aliwahi kuwa ndege wa peke yake na si yule wa kawaida mwenye rangi tofauti kidogo. Maswali mazuri, lakini yameruka jambo moja. Miaka yote hiyo watu walikuwapo. Wavuvi wa Upemba na Kisale walitega nyavu zao kila siku, wengine wakilala kwenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji. Wanawake walikata majani ya kuezekea katika nyanda zilezile. Watoto walitega ulimbo. Uhuru ulikuja 1960, Katanga ikajitenga ikarudishwa, serikali zikabadilika, Mai-Mai wakaingia msituni, na mvuvi aliendelea kuvua. Aliyeondoka ni mtu mwenye daftari. Kwa hiyo mtu akisema ndege amepotea, swali la kwanza liwe: amepotea kwenye majani, au amepotea kwenye karatasi?

Jambo hilo limeshatokea jirani tu. Mwaka 1960, karibu na Likasi, kwenye ziwa Tshangalele la mto Lufira, alipatikana ndege mmoja wa jamii ya wale wa manjano wanaosuka viota. Akahifadhiwa. Ilipofika 1982 wataalamu wakatangaza kwamba alikuwa aina mpya, wakamwita Ploceus ruweti. Kisha kimya. Mpaka 2009 watafiti waliporudi kwenye ziwa hilo na kumkuta anasuka viota vyake, kama kawaida. Karibu miaka 50! Na Tshangalele si pori la mbali. Ni ziwa lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha, lenye wavuvi, barabara na soko. Kila mtu aliyepita na mtumbwi wake asubuhi alimsikia ndege huyo akipiga kelele. Hakuna aliyemwuliza.

Kisa cha tausi wa Congo kinajulikana zaidi, lakini kwa kawaida kinasimuliwa vibaya. Chapin huyohuyo, mwaka 1913 akiwa Ituri, aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji mmoja. Hakuweza kuutambua, akauchukua. Mwaka 1936, ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kibandiko kwamba ni vijana wa tausi wa India. Akakumbuka unyoya wake. Hivyo dunia ikatangaziwa ndege mkubwa mpya, Afropavo congensis. Wasimulizi wanasema Chapin aligundua tausi. Lakini yule mwenye kofia? Alikuwa amevaa jibu kichwani miaka 23 kabla. Kama kungekuwa na mtu wa kumkalisha chini na kumwuliza, huyu anaishi wapi, anakula nini, analia saa ngapi, safari ya Tervuren isingehitajika. Chapin alikuwa mtu makini na kazi yake ni kubwa, vitabu vyake vya ndege wa Congo bado vinatumika. Kasoro ilikuwa kwenye utaratibu wa wakati ule: mwenyeji alibeba mizigo, akaonyesha njia, akatega mtego, na jina la mwandishi likawa la mtu mwingine.

Upemba nayo ilipitia hapo. Mbuga ilianzishwa 1939. Kati ya 1946 na 1949 ujumbe wa Mbelgiji G. F. de Witte uliizunguka ukikusanya nyoka, vyura, samaki, wadudu na ndege kwa wingi wa kushangaza. Kitabu cha ndege wa safari hiyo, kilichoandikwa na Verheyen, kilitoka 1953. Kipo kwa Kifaransa, na viumbe vyenyewe viko Ulaya. Mwanafunzi wa Kamina anayetaka kujua ndege wa kijiji cha babu yake miaka hiyo atatakiwa kumwomba mtu wa Brussels. Hilo ndilo linalopaswa kuudhi, kuliko swali la ndege kwenye kambi ya wakimbizi.

Wako watakaosema kwamba kuandika orodha za ndege ni desturi ya wazungu, wazee wenye kofia na muda mwingi. Jibu liko katika historia ya Waluba wenyewe. Nchi hii ndiyo iliyotoa lukasa, ule ubao wa mti unaoshikwa mkononi, uliopachikwa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye walipitisha kidole juu ya shanga hizo na kusoma: mfalme huyu, safari ile, mahali pale patakatifu, mto uliovukwa. Ilichukua miaka kujifunza. Hiyo ni orodha, tena orodha inayofuatana, yenye majina na mahali, na mtu mwenye wajibu wa kuitunza. (Mbao nyingi za lukasa nazo sasa ziko katika majumba ya makumbusho ya nje. Inaonekana kila orodha ya nchi hii ina miguu.)

Sasa, kwa nini swali lielekezwe hasa kwa familia zilizokimbia? Kwa sababu ndizo zinazojua, na ndizo zitakazosahau kwa haraka zaidi.

Mtoto aliyezaliwa kando ya ziwa na kukulia hapa mjini, katika nyumba ya kupanga au chini ya turubai, anajua kunguru na mwewe, anajua yangeyange mweupe anayefuata ng'ombe. Basi. Bibi yake anajua ndege anayelia kabla ya mvua, ndege ambaye mvuvi akimwona ameganda majini anajua samaki wapo, na yule wa kijivu mkubwa, mwenye mdomo kama kiatu, anayesimama kwenye mafunjo bila kutikisika mpaka mtu anadhani ni kisiki. Bibi anawajua kwa majina ya Kiluba, kila mmoja na hadithi yake. Bibi akifa Kamina, jina linazikwa Kamina. Siku amani itakaporudi na mjukuu akarudi kijijini, ndege watakuwa pale, lakini hatakuwa na neno la kuwaita. Kizazi kimoja kinatosha kwa hasara hiyo.

Ndugu waliotoka Kivu nao wana la kusema. Wengi wao hawajui kwamba milima waliyoiacha ilizungumzwa duniani kote mwanzoni mwa 2024. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, pamoja na wenzao Wakongo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, walitembea wiki sita katika milima ya Itombwe. Huko walipiga picha ndege mweusi mwenye shungi la manjano kichwani ambaye hakuwa ameonekana na wataalamu kwa karibu miaka 20, na ambaye hakuwahi kupigwa picha hata mara moja. Shungi hilo ni la manjano kali, linang'aa. Aliyepita njia za Itombwe na mzigo wa muhogo mgongoni hawezi kumsahau. Mtu wa namna hiyo huenda sasa yuko hapa mjini, anasukuma baiskeli ya makala, na hakuna anayejua kwamba kichwani mwake kuna habari ambayo watu walivuka bahari kuitafuta.

Pingamizi kubwa kuliko zote ni njaa. Orodha ya ndege haileti bukari mezani. Ni kweli, na mtu asidanganywe kwamba watalii wenye dola watashuka kesho kwenye stesheni ya Kamina kwa sababu ya ndege wa ziwa Upemba. Barabara hazipo, usalama haupo, treni kila mtu anaijua. Yeyote anayeahidi utalii kwa wakimbizi ni mwongo au mgombea. Sababu ya kuandika ni nyingine. Yule swala wa majini wa Upemba, aliyekuwa maelfu kwa maelfu miaka ya 1970, huenda amebaki chini ya 100 kwa hesabu iliyofanywa kutoka angani miaka hii ya karibuni. Hasara hiyo inaweza kusemwa wazi, mbele ya waziri au mbele ya nchi za nje, kwa sababu moja tu: kuna mtu aliyehesabu zamani. Ndege waliopungua pamoja na miti inayogeuka makala kuzunguka mji huu, nani atathibitisha? Mzee atasema walikuwa wengi. Mkubwa wa ofisi atamjibu, lete karatasi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halistahili kupuuzwa. Vijijini watu wanaogopa orodha. Anakuja mgeni, anauliza mnyama gani yuko wapi, anaandika, anaondoka. Baadaye anakuja mlinzi na kusema hapa ni mbuga, msilime, msivue. Woga huo haukuota bure, ulitokana na mambo yaliyotokea. Lakini dawa yake si kunyamaza, kwa maana wageni wataandika hata kijiji kikinyamaza, na wataandika kana kwamba hapo hapakuwa na mtu. Orodha iliyoandikwa na mvuvi ina jina la mvuvi juu yake, na tarehe, na jina la kituo chake cha kuvulia. Inaonyesha kwamba ndege walikuwapo na watu walikuwapo, siku ileile, kwenye majani yaleyale. Mbuga ina mipaka yake na sheria zake, na walinzi wengi wamekufa wakiilinda. Ila mazungumzo kuhusu ardhi yanakwenda vizuri zaidi pande zote mbili zikiwa na karatasi.

Tatu, kuna hatari. Kamina ni mji wa jeshi, base yake inajulikana nchi nzima. Mtu anayezunguka karibu na kambi au uwanja wa ndege akiwa na darubini, ile inayoitwa jumeli, akitazama juu na kuandika, hatasikilizwa akisema anatafuta ndege. Tena akiwa mgeni aliyekimbia kutoka mbali, mashaka yanaongezeka mara mbili. Kwa hiyo jumeli isitumike mjini kabisa. Masikio yanatosha. Ndege wengi wa miti ya huku wanatambuliwa kwa sauti kabla ya kuonekana, na hilo wakaaji wa vijijini wanalifanya kila siku bila kifaa chochote. Nani anamwona dudumizi? Anasikika tu, kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Ndege wa asali pia anamwita mtu kwa kelele mpaka amfikishe kwenye mzinga.

Na yapo mambo ya kutoandika. Mahali penye kiota cha yule mwenye mdomo wa kiatu pasiandikwe kwenye karatasi inayozunguka, wala kutangazwa redioni, wala kuwekwa WhatsApp. Makinda yake yana wanunuzi. Kasuku wa kijivu anajulikana jinsi alivyomalizwa na biashara, hata baada ya dunia kuifunga biashara hiyo mwaka 2017. Daftari liseme ameonekana, mwezi fulani, upande wa ziwa fulani, na liishie hapo. Mahali penyewe pabaki kwa mwenye kijiji.

Kazi yenyewe ni rahisi na haihitaji mradi wala semina yenye posho. Daftari la shule linatosha. Tarehe, mahali, jina la ndege katika lugha ya anayesema, wangapi, alikuwa anafanya nini, na jina la aliyemwona. Kama jina la Kifaransa au la Kilatini halijulikani, pabaki wazi. Patajazwa baadaye na mwenye kitabu. Kinachokosewa mara nyingi ni kukimbilia jina la kitabuni na kulitupa la Kiluba au la Kibembe, wakati la kitabuni ndilo lisilopotea. Kuna pia programu ya simu ya eBird, ya Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, ambayo inapokea orodha kutoka popote hata kama mtandao haupo wakati wa kuandika. Kijana mwenye simu nzuri anaweza kuitumia, na ni vizuri Haut-Lomami ionekane humo, sehemu kubwa za Congo bado hazina alama. Lakini simu inaibiwa, inauzwa mtoto akiugua. Daftari liwe la kwanza.

Waandishi wake wanaofaa ni watoto wa shule, wakiandikiana na wazee wao. Mwalimu wa darasa lenye watoto waliokimbia anaweza kutoa kazi moja ya nyumbani: muulize bibi, au babu, au mama, ndege kumi wa kijijini. Watoto wenyewe, hasa wale wa manati, watashangaza watu. Mtoto anayewinda anajua ni ndege gani wanakula pamoja, yupi anarudi mti uleule jioni, yupi nyama yake ni chungu. Ni afadhali ujuzi huo uingie kwenye karatasi, hata kama njia ya kuupata ilikuwa jiwe.

Linabaki suala la nani atatunza. Nakala moja ikae shuleni, moja kwa chifu au kiongozi wa wale waliokimbia, moja kituo cha redio, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia na kuomba kusoma. Mtafiti akija, wa Lubumbashi au wa Ubelgiji, apewe nakala kwa furaha, asaini, aache anwani, na akichapa kitabu arudishe kimoja. Daftari la asili lisitoke Kamina.

Mvua za kwanza huku zinaanguka kuelekea Oktoba, na pamoja nazo mbayuwayu wanafika kutoka Ulaya na kujipanga kwenye nyaya karibu na stesheni. Hao kila mtu anawaona, mwenyeji na aliyekimbia. Tarehe ya siku ya kwanza watakapoonekana, saa, mtaa, idadi ya kukisia, jina lao kwa lugha yoyote: huo unaweza kuwa mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza.